Gari la baba likipata moto linanigomea mimi, kwa mdogo wangu linawaka

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za mchana. Haya ni yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi, na anayeaibika humu ni mimi tu.

Naanza kwa kuungama. Fundi wangu wa hapa Mwanjelwa, Ambakisye, aliniuliza mara tatu: "Mama, injini ikiwa ya moto, hakuna mtu yeyote anayeliwasha likakubali?"

Mara zote tatu nilijibu hakuna.

Yupo. Ni mdogo wangu Upendo, anaishi Iringa.

Baba alipofariki, kikao cha ukoo kilinipa gari lake kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa kwanza. Upendo ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali kwa gari hilohilo, miaka miwili, lakini kikao ni kikao. Nilipokea funguo kwa unyenyekevu wa kuigiza.

Asubuhi, kwenye baridi ya Mbeya, linawaka mara moja. Shida ni likishatembea. Uzime, ukae dukani dakika kumi na tano, ukirudi stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Subiri saa nzima lipoe, linawaka kama vile si lenyewe.

Siku moja tukitoka Iringa na Upendo tulisimama Igawa kununua mchele. Kurudi garini, likagoma. Nikazungusha stata mpaka wauza mchele wakasogea kutazama.

"Dada, hebu nipishe kidogo," Upendo akasema.

Akakaa. Likawaka.

Mama aliyetuuzia mchele akacheka: "Kumbe gari linamjua mwenyewe."

Nikamwambia limewaka kwa sababu limeshapoa. Lilikuwa halijapoa, wakuu. Ungeweza kukaanga yai juu ya boneti. Upendo akaendesha yeye, mimi nikajifanya nasinzia mpaka Mbeya.

Ikatokea tena, na tena. Habari zikamfikia shangazi, akanipigia: "Kama linakushinda, kikao kijacho lirudi Iringa. Kuna mtu analiweza."

Ndipo nikamhamia Ambakisye. Tulibadilisha betri, plagi, sensa ya joto, na sensa ya crank, ile inayosoma mzunguko wa injini. Linagoma vilevile. Nina digrii, naandika makala za kuwahimiza watu wafuate ushahidi, na nilikuwa nampa fundi nusu ya ushahidi halafu namlaumu kwa majibu.

Safari ya nne akafuta mikono, akauliza tena swali lilelile. Nikasema, "Mdogo wangu."

"Mama, hilo ndilo ungeniambia siku ya kwanza. Mpigie, weka spika."

Simu yenyewe naiweka mwisho, maana baada yake sina la kuongeza.

Kwa mwenye shida kama yangu: Ambakisye alifunga geji kwenye njia ya mafuta. Injini ikizimwa, presha ilishuka hadi sifuri ndani ya dakika chache. Kwenye pampu kuna vali inayozuia petroli isirudi tangini, ilikuwa imechoka. Petroli inayobaki karibu na injini ya moto inageuka mvuke, stata inazunguka bure. Tumebadilisha pampu. Sasa linawaka kwa yeyote, hata kwangu.

Somo nililopata: ukienda kwa fundi, mpe na ile taarifa inayokuuma. Wivu wangu ulificha ugonjwa wa gari kuliko vumbi la barabara ya Chunya. Kama na kwako kuna gari lenye mtu wake, andika hapa chini. Sitacheka, haki hiyo sina tena.

Simu ilikuwa hivi.

"Upendo, likiwa la moto huwa unafanyaje?"

"Nafungua swichi taa za dashibodi ziwake, nahesabu hadi tatu, nazima. Narudia. Ndiyo napiga stata. Kwani wewe hufanyi hivyo?"

Ambakisye akatikisa kichwa taratibu, akaenda kutafuta geji.

"Nani alikufundisha?"

"Baba. Alisema pampu imechoka, inabidi uisaidie kujaza presha kwanza. Alitaka kukuonyesha wewe kwanza, Pasaka ile, ukamwambia magari yote yanawashwa sawa."

Nilikumbuka. Alikuwa ameshasimama nje na funguo mkononi.

"Dada, upo?"

"Nipo. Kikao kijacho nitakuja nalo Iringa."

"Haya. Utarudi nalo lini?"

"Nitarudi na basi."