Funza wa Kiwanja cha Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto wa mtaa wa Rugenge, pale Uvira, hakuna aliyenishinda kwa kujua wadudu. Niliwajua wa ziwani, wa nchi kavu, na wale ambao Mungu mwenyewe alikuwa hajawapa jina.

Kwetu, mke mpya akiletwa, alipewa kipande cha kiwanja mbele ya nyumba apande majani mafupi ya kupamba, na maua pembeni. Yakishika, nyumba imeshika. Yakikauka mvua ikinyesha, basi mkono wake una kifo.

Mke wa baba mdogo, Nyota, niliyemwita Mama Mdogo, alitoka Lubarika, binti wa mashamba. Majani yake yalishika mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuyatazama. Kisha, katikati ya mvua, yakawa manjano kwa mabaka. Ukiyavuta, yalinyanyuka kama mkeka, bila mizizi. Maua nayo yakainama.

Koko, mama wa baba yangu, hakupiga kelele. Alisema tu: "Huyu mutoto wa watu arudi kwabo, asituzike."

Baba mdogo akatazama viatu vyake.

Mimi nikachukua jembe. Mchana kweupe, mbele ya jamaa yote, nikachimba. Nikawakuta: funza weupe wenye vichwa vyekundu, wamejikunja udongoni, watoto wa mbawakawa wale wanaogonga taa. Nikajaza sahani, nikamwekea Koko magotini.

"Koko, mulozi mwenye kuloga majani iko hapa! Iko anakula mizizi!"

Mama Mdogo akacheka, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia tangu majani yaanze kufa. "Unaona, mama? Ni vidudu tu. Kwetu tunawatupiaka kuku."

Koko akageuza mmoja kwa kidole. Akawatazama wengine polepole.

"Munasikia? Huyu muke anavijua mpaka kazi yabo. Sasa nani alivituma?"

Nilikuwa na mdomo wa kuuza maji kando ya ziwa, lakini siku hiyo nilichukua jembe nikalirudisha ndani. Mama Mdogo akaenda kufunga vyombo vyake.

Kesho yake alipanda lori la Lubarika na beseni lake la vyombo. Baba mdogo alimbebea mkoba mpaka barabarani, basi.

Funza hawakwenda naye. Walimaliza majani, wakamaliza na maua, kiwanja kikabaki vumbi. Hakuna aliyeuliza sasa ni nani anayewatuma.

Leo nikisimulia habari hii sokoni, funza wangu wanakuwa wanene kama mkono, wana meno, na mmoja alivunja jembe. Watu wanacheka: "Weye, muongo!" Wacheke. Wale wa kweli walikuwa kama ncha ya kidole changu kidogo, laini, jua likiwapiga wanakufa. Lakini nikiwaacha wadogo hivyo, itanibidi niseme ni nani aliyemfukuza yule mwanamke, na hao ni watu waliokuwa wananilisha.