Sumu Ilikuwa Stoo

Dada yangu mkubwa, Ndeshi, alikuwa amepiga magoti shambani kwake, chini ya Makumira, akichokonoa mashimo ya mahindi kwa kidole. Yote matupu, panya wamefukua mbegu. Ilikuwa mara ya tatu kupanda masika yale, na mbegu nyingine hakuwa nayo.

"Wewe si ndiye mtu wa panya, mdogo wangu?" akasema bila kuinua kichwa. "Ulijua?"

"Nilijua," nikamjibu.

Kazi niliianza na elimu yangu ya darasa la saba, kibarua katika kituo cha kilimo. Siku ya kwanza msimamizi wetu, mzee mpole, alinipa mitego ya bati na chambo cha karanga na dagaa. Tulikamata panya hai, tukawakata ncha ya kidole iwe alama ya kuwatambua wakinaswa tena, tukawaachia palepale. Wapita njia walitucheka: "Jamani, serikali inafuga panya." Mzee hakujali. Alinifundisha kumpapasa jike tumbo.

"Usihesabu panya tu," alisema. "Hesabu mimba."

Wakibanana baada ya mavuno, majike wadogo hukaa bila kuzaa, chakula kinawaishia, wengi wanakufa wenyewe. Ubaya ni mvua za vuli zikinyesha vizuri. Wamebaki wachache, nafasi ipo, mbegu za majani zipo. Wanazaa, na watoto wao nao wanazaa kabla ya masika.

Mzee akastaafu, akaja Afisa Kilimo, Bwana Elirehema. Vuli ile, kabla ya masika ya Ndeshi, mvua iliwahi. Mitego ilishika panya wachache, lakini karibu kila jike alikuwa na mimba. Niliandika karatasi kuomba sumu ya stoo igawiwe mapema, nikampa mkononi.

"Mitego mitupu halafu unataka sumu?" alisema. "Panya wenyewe wako wapi? Wakionekana tutagawa. Wewe kamata, kufikiri tuachie sisi."

Sumu akaigawa mwezi wa nane, wakulima walionusurika wameshavuna, panya wamebanana wanakufa wenyewe. Akapigwa picha na lundo la mizoga. Panya waliobaki aliwaachia nafasi tu ya kuzaa vuli inayofuata. Mimi mkataba haukuongezwa.

Sasa nakaa Moshono, vijana wananiuliza kazi ilikuwaje. Ilikuwa kazi nzuri, ina akili zake. Ndeshi mwaka ule aliomba unga kwa majirani, na shamba amelikodisha hadi leo. Bwana Elirehema amepanda cheo.

Aje Makumira, asimame mbele ya dada yangu, amweleze kwa nini sumu ilikaa stoo mpaka mbegu zake zikaisha. Mimi Ndeshi aliniuliza, nikamjibu. Zamu ya afisa sasa.