Bwawa lilikuwa la kijani, na mzee wa nyumba hakutaka hata tone limwagwe

Assalaam alaykum wakuu, na amani kwa ndugu zetu Wakristo humu jukwaani. Kwa umri wangu sina haja ya kutia chumvi. Nasema niliyoyaona tu.

Mimi ni mtu wa Tanga, natunza nyumba ya familia moja hapa Rashidiya, Dubai. Bustani, magari, na bwawa la kuogelea. Alhamdulillah, ni watu wema.

Bwawa ni la Bu Hamad, yaani baba yake Hamad, arbab (mwajiri) wangu. Alipata kiharusi. Nje ni mtu wa wheelchair, ila ndani ya maji anatembea mwenyewe, na daktari alisisitiza aendelee hivyo hivyo.

Shida ni mguu wa kushoto. Hauhisi kitu. Asipouona kwa macho hajui ameuweka wapi. Kwa hiyo maji lazima yaonyeshe hadi chini.

Joto lilipopamba moto, maji yakageuka kijani.

Nikaongeza klorini. Wapi! Nikaongeza tena, yakazidi. Mzee akawa anashinda kibarazani, anayatazama tu.

Hamad akaniambia kwa upole, "Baba akiteleza humo sitajisamehe. Yasipotakata wiki hii nalifukia, khalas."

Nikajaza chupa nikaenda Deira, kwenye duka la dawa za mabwawa. Muuzaji akapima. pH nzuri, klorini ipo, lakini stabilizer imezidi mno.

Wakuu, tuelewane hapa. Vile vidonge vya klorini vina stabilizer ndani yake, ili jua lisiimalize klorini upesi. Maji yanakauka kwa joto, unajazia mapya, stabilizer inabaki, kama chumvi kwenye sufuria. Ikizidi, inaishika klorini isifanye kazi. Dawa yake ni moja: toa sehemu ya maji, tia mapya.

Nikamweleza Bu Hamad. Akakataa katakata.

"Nilipokuwa mtoto maji yaliletwa hapa kwa punda," akasema. "Leo niyamwage? Kesho nitamjibu nini Mola wangu?"

Sikubishana naye. Na mimi madrasa nilifundishwa kutofanya israfu ya maji, hata ukiwa ukingoni mwa mto. Nikamwomba Mungu anifungulie.

Alasiri nikamsaidia kutawadha. Huwa anatumia birika dogo, na beseni chini. Akimaliza, lile beseni anamiminia mrehani wake kwenye chungu.

Nimeliona jambo hilo kila siku. Siku ile ndiyo nikalielewa.

"Baba," nikamwambia, "haya ya beseni umeyamwaga?"

"Astaghfirullah! Nimeyapa kazi."

"Basi na ya bwawa tuyape kazi."

Akanitazama, kisha akacheka. Kiarabu changu ni cha vitabuni, humchekesha kila siku. "Ewe khatibu! Hata tone moja lisifike barabarani?"

"Hata moja, inshallah."

Nikamwomba Wasswa, Mganda mlinzi wa geti la jirani, aje akitoka zamu. Tukatia pampu na mpira wa maji. Maji yakaenda kwenye mitende, mengine tukaosha ua na magari. Bu Hamad juu ya wheelchair, fimbo mkononi, anaamrisha.

"Yalla! Mtende ule bado!"

"Mzee, huu umeshiba kuliko mimi," Wasswa akamjibu. Nikatafsiri. Mzee akaagiza chakula kiletwe papo hapo.

Tukajaza maji mapya, nikapima upya, nikaweka pH sawa, kisha klorini ya maji badala ya vidonge. Nikasugua kuta, nikaacha filter ifanye kazi. Maji yakaanza kuwa na rangi ya maziwa, halafu yakang'aa.

Asubuhi moja baada ya Alfajiri nikamshusha ngazini, Hamad akiwa pembeni. Mzee akainama, akatazama chini muda mrefu.

"Ule pale," akasema. "Mguu wangu ule pale."

Akaniachia mkono, akaenda.

Hamad akageuka upande wa ukutani, akijifuta uso.

Wakuu, nilichojifunza: usipime klorini peke yake, pima na stabilizer, hasa nchi za joto. Na mtu mzima akikukatalia, kaa naye kwanza ujue anachoogopa. Bu Hamad hakuwa mbishi. Alikuwa anamcha Mola wake, na njia alikuwa nayo mwenyewe, kwenye beseni.

Wanaotunza mabwawa, huko mliko maji mnayotoa mnayapeleka wapi? Nisaidieni, maana mitende yetu sasa imeshiba kweli.