Kilo Sita za Mama Theopisti

Mimi nauza jibini. Si jibini lolote, ni lile gumu la Pasaka ambalo huku kwetu Pafo, magharibi mwa kisiwa chetu, tunalitengeneza mbuzi wakiwa na maziwa ya kumwaga, na ambalo kwa mwaka mzima hakuna anayeliulizia. Halafu inafika wiki moja, na wanawake wa kisiwa kizima wanalitaka siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, na kila mmoja anataka kipande kizuri kuliko cha jirani yake. Kuanzia Jumamosi ya Lazaro, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi, mpaka Alhamisi Kuu nalala na kuamka ndani ya pikapu, nikipanda milima na kushuka, na mwili wangu mzima unanuka kama zizi. Mke wangu hunipa blanketi la peke yangu.

Kazi ya jibini hilo ni moja tu, flauna, mkate wetu wa Pasaka. Linakunwa, linachanganywa na mayai, mnanaa na chachu, linalazwa hadi liumuke, kisha linafunikwa kwa unga uliopakwa ufuta na kuingizwa tanurini. Nifunge macho unilishe flauna, nitakutajia imetoka upande gani. Wa pwani wanatia zabibu kavu na sukari kidogo. Wa milimani, ambako mizabibu imejaa mpaka mlangoni, hawatii hata punje moja na wanawacheka wa pwani kwamba wanaoka keki ya harusi. Kuna kijiji kimoja wanatia mdalasini na ukiwauliza sababu wanakasirika. Wa mjini wananiuliza kama ninalo la chumvi kidogo kwa ajili ya presha. Hao nawauzia na kuondoka haraka.

Kijiji cha mama Theopisti kilikuwa cha Jumatatu Kuu. Nilikirithi kwa baba mkwe pamoja na mizani na maelekezo. "Yule mama," aliniambia, "kilo sita. Usimkatie kabla hajaziona. Na usimuulize habari za mwanawe, yeye mwenyewe atakuambia."

Kweli hakuwa mtu wa kukatiwa. Kwa kuwa alikuwa kwenye mfungo wa Pasaka, usioruhusu maziwa wala mayai, kuonja hakuweza. Anabonyeza jibini kwa kidole gumba, analinusa, analigeuza, analinusa tena. Kisha ananigeukia mimi.

"Haya, mpagani. Onja."

Kijijini nimesema daktari amenikataza kufunga kwa sababu ya sukari. Ni kweli alinikataza, ingawa sikumbembeleza abadilishe mawazo.

"Chumvi?" anauliza.

"Ya kutosha, mama."

"Ukinidanganya utaungua motoni."

"Sitakuwa peke yangu, mama. Wateja wangu wote nitawakuta huko."

Anacheka, ananiwekea kunde zenye ndimu na zeituni, ananisimamia mpaka nimalize. Na nikiwa nakula, kila mwaka, anasema vilevile: "Pieris naye anapenda yenye chumvi. Akirudi, utamkatia kipande chake mwenyewe." Mimi najibu, "Nitamkatia, mama." Miaka ishirini na miwili nimejibu hivyo.

Pieris alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyemzaa na mumewe, Hambis mwashi. Julai ya mwaka wa sabini na nne vita vilipotukuta alikuwa na miaka kumi na tisa, askari katika kambi moja upande wa kaskazini. Zikaja orodha za mateka, hakuwemo. Zikaja orodha za waliokufa, hakuwemo. Mama Theopisti akaamua kwamba mtu asiyekuwemo kwenye orodha ya waliokufa hajafa, na hapo akakita mguu wake na hakuna aliyeweza kumng'oa.

Sasa, huku kwetu nyumba yenye msiba haioki flauna. Tanuri linabaki baridi, mayai hayatiwi rangi, na majirani ndio wanaoleta sinia la flauna. Hakuna anayesema neno. Unaingia, unaliweka mezani, unakaa kidogo, unaondoka. Sinia lile likishawekwa, hata serikali haina haja ya kuandika cheti cha kifo.

Pasaka ya kwanza baada ya vita, Milia akamletea sinia. Milia ni wifi yake, dada wa Hambis, anakaa nyumba nne chini ya barabara ile ile, na Pieris alikulia mapajani mwake kama alivyokulia kwa mamake. Hakuleta kwa ubaya. Alikuwa amelia miezi tisa akaona sasa inatosha, mtoto aombolezwe kama wanavyoombolezwa watu. Mama Theopisti akalipokea sinia mlangoni, akatoka nalo hadi barabarani, akaligeuza juu chini. Flauna zikabingirika mtelemko wote hadi kisimani.

"Kawapelekee waliokufa wako," akasema. "Wangu yuko hai."

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kijiji kina barabara moja, fikiria. Miaka thelathini na saba wamekunywa kikombe kimoja kanisani, mmoja nyuma ya mwingine, bila kutazamana.

Hambis alipofariki, kijiji kilingoja kuona atafanya nini. Alimzika vizuri, akavaa nyeusi siku arobaini, akaivua, na Pasaka ilipofika akawasha tanuri kama kawaida. Watu walisema sana. Padri mwenyewe alimwendea. Akamwambia, "Baba, Hambis namjua alipo. Je, huyu mwingine akifika Jumapili akute tanuri baridi, nitamwambia nini?" Kila mwaka alioka kumi na tatu. Ile ya kumi na tatu aliitia alama ya herufi ya Pieris kwa uma, akaifunga kwa kitambaa cheupe, akaiweka kabatini mpaka Pentekoste. Ikishakuwa ngumu kama tofali aliwavunjia ndege.

Mwaka ninaousimulia nilifika Jumatatu Kuu saa nne asubuhi. Jambo la kwanza nililoliona ni tanuri. Kwa kawaida siku hiyo pembeni yake pana rundo la matawi ya mzabibu ya kuwashia. Safari hii palikuwa peupe, pamefagiliwa. Nikajua, lakini nikajifanya sijui, nikateremsha jibini kama kila mwaka na kuliweka juu ya ukuta.

Mama Theopisti alitoka na gauni lake la kahawia. Alikuwa na miaka sabini na minane, na siku hiyo alionekana nayo yote. Hakubonyeza jibini. Alilitazama tu.

"Walikuja Alhamisi," akasema. "Vijana wawili wa ofisi ya waliopotea vitani, msichana na mvulana, wana adabu. Walikuja na faili. Unakumbuka ile damu waliyonichukua?"

"Nakumbuka, mama." Aliitoa miaka sita nyuma, akajigamba kijiji kizima kwamba ameitoa ili wakiilinganisha na mifupa wanayofukua wathibitishe kuwa si Pieris.

"Ni yeye. Alikuwa chini ya shamba la shayiri. Msichana akaniuliza kama nataka kuambiwa ni mifupa mingapi. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilimzaa mzima." Akanyoosha gauni lake. "Tutamzika Jumapili ya pili baada ya Pasaka."

Nikaanza kulifunga jibini ili nilirudishe garini, maana nilifikiri ndivyo inavyopasa.

"Unafanya nini?"

"Naliondoa, mama. Kwa kuwa mwaka huu…"

"Nimekuambia uliondoe? Kilo zangu sita ni zangu. Mpelekee Milia."

Nilimtazama. "Mama, wewe na Milia hamsemezani."

"Sikukutuma umsemeshe. Nimekutuma umpelekee."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Ana akili zake."

Milia nilimkuta barazani akichambua kunde. Ana miaka themanini na kitu, ulimi mkali, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Kuoka aliacha zamani. Mkwewe humletea flauna za duka kutoka mjini naye huzila akizisimanga. Aliponiona na mzigo akaanza: "Umepotea njia, Loizo? Mimi sinunui. Na bei zako hizo hata askofu hanunui."

Nikauweka miguuni pake. Akaangalia mafungu. Mwanamke aliyeoka miaka sitini anajua kilo sita kwa macho.

"Za Theopisti hizi," akasema polepole.

Sikujibu, maana nilikatazwa. Bakuli la kunde likamteleza mapajani. Akajifanyia ishara ya msalaba, na mimi nikaokota kunde kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

"Wamempata," akasema mwishowe.

"Ndiyo, shangazi."

"Mtoto wangu wee. Mtoto wangu." Akajifuta uso kwa aproni. Halafu akainua mikono yake akaitazama mbele na nyuma. "Na mikono hii, nitakandaje? Hata kifungo hakinitii." Kisha kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo sikujua kama anayo, akasema, "Na akinigeuzia tena sinia, Loizo? Kwa umri huu siwezi kuziokota."

Nilimwambia hatageuza. Nilisema kwa uhakika ambao sikuwa nao.

"Basi uje Jumamosi unibebee," akasema. "Mlima ule siuwezi na sinia. Na usichelewe, nyinyi wa Pafo mnaijua saa kwa kusikia tu."

Wiki ile nilimaliza mzunguko wangu bila raha. Kila jiko nililoingia lilikuwa na harufu ya chachu na mastiki, ule utomvu wa kunukia, watoto wakipiga mayai, wanawake wakitukanana kwa furaha, na mimi nilikuwa nafikiria vidole vya Milia. Ijumaa Kuu nyumbani nilikula dengu zenye siki kama kila mtu, na mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi mchana nikapanda. Milia alikuwa tayari barazani, amechana nywele, sinia mapajani limefunikwa. Nikasikia baadaye kwamba majirani walikuja kumsaidia kukanda akawafukuza. Alikanda kwa viganja na viwiko, siku mbili, akipumzika kila baada ya donge moja. Kijiji kizima kilikuwa na masinia yamefunikwa siku hiyo, na hakuna aliyetoka. Walikuwa wanamngoja yeye atangulie.

Nilibeba sinia, yeye akashika mkono wangu. Nyumba nne. Tulisimama mara tatu. Karibu na lango akaninyang'anya sinia. "Nipe. Hili haliletwi na mwuza jibini."

Mlango ulikuwa wazi. Mama Theopisti alisimama ndani amevaa nyeusi, ile ya msiba wa Hambis, imempwaya mabegani. Mimi sikuwahi kumwona na nyeusi. Milia akasimama kizingitini, na ninaapa mlango ule ulionekana mrefu kama barabara.

"Theopisti."

"Ingia. Zito hilo."

"Mwaka ule niliharakisha," Milia akasema.

"Hukuharakisha. Mimi ndiye niliyechelewa."

Akaingia, akaliweka sinia mezani. Nikamwona mama Theopisti akilitazama sinia lile kama mtu anayetazama maji kabla ya kuyaingia. Akafunua kitambaa. Zilikuwa flauna kumi na mbili, zimepinda, moja imefunguka ubavuni. Nilitafuta ile yenye alama ya Pieris. Haikuwemo.

Akabonyeza moja kwa kidole gumba. Akainusa.

"Mnanaa huu umeutoa wapi?"

"Ukutani kwako. Naiba kila mwaka, hata wa chai."

"Nilidhani ni mbuzi," akasema, na kwa mara ya kwanza walitazamana. Kisha akanigeukia.

"Loizo. Onja."

"Mama, leo ni Jumamosi Kuu. Hata mimi leo…"

"Umeokoka lini? Mimi siruhusiwi mpaka kesho, na kungoja mpaka kesho sitaweza. Onja wewe."

Nikachukua ile iliyofunguka. Jibini lilikuwa langu, nililijua, lakini mdomoni lilikuwa kitu kingine. Wote wawili walikuwa wakinitazama. Nilitafuta uongo wa kumwambia, kwamba chumvi imezidi, kwamba haikuiva, chochote cha kumpa sababu ya kulikataa sinia na kumngoja Pieris mwaka mmoja zaidi. Sikuona pa kuuweka.

"Ikoje?"

"Tamu, mama. Kama zako."

"Kama zangu?"

"Kama zako kabisa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akavuta kiti, akakaa.

"Basi Pieris amekufa," akasema.

Akalia. Miaka thelathini na saba hakuna aliyemwona akilia, kwa kuwa kulia kungekuwa kukubali, na sasa kilio kilikuja chote pamoja. Milia akaburuta kiti kingine akakiweka karibu, goti kwa goti, akamshika kwa mikono yake ile iliyopinda, na nje nikasikia milango ya majirani ikianza kufunguliwa mmoja mmoja. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba na nusu ya flauna mkononi, sijui niiweke wapi. Nikaimalizia pale pale, mpaka ufuta ulioangukia kiganjani.