Simu ya Mezani Niliyomfungia Mkaguzi

Mkaguzi aliponiita nyumbani kwake nimfungie simu ya intaneti, nilipaswa kumjibu kwamba kazi hiyo siijui. Maneno yenyewe ni mafupi, na chai ilikuwa bado haijamiminwa. Badala yake nikasema, "Simu ni simu, Mkaguzi." Nawaandikia vijana mnaofunga vyombo hivi leo, mjue kauli ile ilitoka wapi na ilinifikisha wapi.

Nilianza kazi ya simu hapa Songea baada ya kumaliza kidato cha nne. Siku ya kwanza sikushika waya. Mkaguzi wa Laini, ndiye huyu huyu, alinipa mkanda wa kupandia nguzo akaniamuru nipande ile ya nyuma ya ofisi. Nilipofika juu akaniuliza ninaona nini. Nikamwambia ninaona soko.

"Soko hata mama yako analiona, tena amesimama chini," alisema. "Tazama vikombe."

Vikombe ni vile vya kauri vinavyoshika waya wa shaba usiguse mti, maana mti ukilowa mvua hunyonya sauti. Nimetazama vikombe maisha yangu yote. Nilihamishiwa Tunduru, nikawa nafuata laini kwa baiskeli hadi Namasakata, ambako tembo walijikuna kwenye nguzo zetu mpaka zikalala. Kwenye ripoti, sehemu ya sababu ya hitilafu, niliandika "tembo". Mkuu wa Kituo akairudisha.

"Andika kwa lugha ya ufundi," alisema.

Nikaandika "mzigo wa ghafla kutoka ubavuni". Ikapita.

Katika simu zile, ukisema haloo, mtu wa Mbinga anakusikia papo hapo. Ama sauti imefika, ama waya umekatika. Kwamba sauti inaweza kufika ikiwa nzima na safi, lakini ikiwa imechelewa, hilo hatukufundishwa, wala mimi baada ya kustaafu na kurudi Songea sikujishughulisha kuliuliza.

Sasa mwanangu Gaudensi, ambaye ni mwalimu, alimpenda Editha, binti wa mwisho wa Mkaguzi. Tulimtuma mshenga, barua ikapokelewa vizuri. Mkaguzi mwenyewe alikuwa ameridhika, ila neno la mwisho lilikuwa la kaka yake, baba mkubwa wa Editha, anayeishi na mtoto wake Kanada. Mzee huyo alitaka kumsikia kijana kwa masikio yake kabla mahari haijatajwa. Simu za kupangusa kwa kidole hakuzitaka, alisema zinamteleza. Mtoto wake akatuma Songea simu ya mezani ya intaneti, yenye mkono wa kushika na spika, ili ukoo wote usikie. Kilichobaki kilikuwa fundi, na fundi ndiye baba wa bwana harusi. Ningekataaje?

Kazi yenyewe ni hivi. Simu hiyo huchomekwa kwenye ruta, kile kisanduku cha taa kinacholeta intaneti nyumbani. Sauti hukatwa vipande vidogo, vikapita ndani ya ruta pamoja na vipande vya mambo mengine yote ya nyumba ile, kisha vikaungwa upande wa pili. Ndani ya ruta kuna ukurasa wa kuiambia kitu gani kipite kwanza. Niliupata. Vyombo vya nyumba vilikuwa vimeorodheshwa kwa namba tupu, bila majina. Nikachagua mojawapo, kwa uhakika mkubwa kwamba ndiyo simu. Baadaye nilikuja kujua kwamba nilikuwa nimeipa televisheni heshima hiyo.

Mama Editha naye alisema taa zile hazipendezi. Akaiweka ruta ndani ya kabati la vyombo, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma.

Nilijaribu laini kwa desturi yetu ya zamani. Nikampigia yule mtoto wa Kanada, nikahesabu moja, mbili, tatu. "Tatu" yangu ilinirudia sikioni nikiwa nimeshatia kalamu mfukoni. Niliisikia. Nikajiambia ni mwangwi wa sebule, nikaenda kula.

Mazungumzo yalifanyika Jumapili alasiri. Chumba cha pili wajukuu wa Mkaguzi walikuwa wanatazama mpira kwa intaneti, picha safi ajabu. Sebuleni Gaudensi aliketi karibu na simu, shati limemganda mgongoni. Alitoa shikamoo. Marahaba ilikawia, tukadhani mzee anajiweka sawa kwenye kiti. Kisha maswali yakaanza.

"Unasali?"

"Ndiyo baba, kila Jumapili, na katikati ya wiki nikipata nafasi."

"Pombe unakunywa?"

"Hapana baba, hata siku moja."

"Baba yako unamheshimu?"

"Ndiyo baba, tangu nikiwa mdogo. Mama ndiye aliyenifundisha."

"Umepata kulala mahabusu?"

"Hapana baba, Mungu apishe mbali."

"Na binti yetu unampenda?"

"Nampenda sana, baba."

Simu ikakatika. Mshenga alinipa mkono. Mke wangu alikuwa anafuta machozi. Mkaguzi akasema, "Kaka hapendi maneno mengi, huyo ameridhika." Papo hapo simu yake ya mfukoni ikalia. Alitoka nayo uani. Aliporudi, alibaki amesimama.

"Kaka anasema hapana," alisema. "Anasema alimuuliza kijana kama anakunywa, akajibiwa ni kila Jumapili, na katikati ya wiki akipata nafasi. Baba yake hamheshimu hata siku moja. Mahabusu amelala tangu akiwa mdogo, na aliyemfundisha ni mama yake."

"Mimi?" mke wangu aliuliza. "Mimi nimemfundisha nani kulala mahabusu?"

"Na alipoulizwa kama anampenda Editha, akasema Mungu apishe mbali."

Mshenga alianza kutafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani. Mimi nilihesabu kwa vidole chini ya meza, nikaelewa. Mzee yule hakuwa mtu wa kungoja. Akiuliza, akiona kimya, anauliza jingine, na hapo ndipo jibu la swali la nyuma lilipomfikia. Kila jibu liliangukia swali lisilo lake, na la mwisho lilimkuta ameshakata simu.

"Fundi," Mkaguzi akaniambia, "sisi tumesikia yetu, kaka kasikia yake. Simu umeifunga wewe. Laini ilikuwa safi?"

Gaudensi alinitazama. Sebule nzima ilinitazama, na aliyeniuliza ndiye aliyenipandisha nguzo ya kwanza.

"Ilikuwa safi, Mkaguzi," nikasema. "Labda masikio ya mzee."

"Masikio ya kaka yangu yamepungua nguvu," alisema, "hayajaanza kutunga hadithi."

Ikaishia hapo. Kama laini ni safi, basi ama kaka yake ni mwongo ama kijana wangu ana walakini, na hakuna mtu Songea ambaye angetegemea Mkaguzi amwite kaka yake mwongo. Editha aliolewa na mkulima wa kahawa wa Mbinga. Baada ya harusi hiyo ndipo nilipokwenda kwa Mkaguzi kusema ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema mapema kazi huijui, ningemwita fundi mwingine," alisema. "Na siku ile ungesema laini mbovu, ningempigia kaka tena kesho yake. Sasa unaniletea mimi nifanye nini?"

Hata hivyo alinisamehe, na bado tunakunywa chai pamoja. Watu wa laini tumezoea hitilafu. Ninyi vijana mna vyombo bora kuliko vyetu. Mkifunga simu, mpigieni mtu mkae mzungumze naye kwa maswali na majibu, msihesabu tu moja mbili tatu. Na mkiulizwa kama imeharibika, semeni imeharibika.

Gaudensi aliposikia niliyomweleza Mkaguzi, hakunigombeza. Aliomba uhamisho kwenda Tunduru, akaoa huko. Akipiga simu huomba kuzungumza na mama yake, na nikiipokea mimi husema atapiga baadaye. Ana mtoto wa kiume wa miaka mitatu ambaye sijamwona. Kwa kukubali kazi nisiyoijua, nilimpoteza mwanangu.