Mwiko wa Ncha ya Duara

Mwiko wa mama uliliwa na mchwa wakati yeye yuko hospitali kwa kiharusi. Ulikuwa umeegemea ukuta wa uani, mahali pake pa siku zote, na katika wiki tisa zile nilipita mbele yake kila asubuhi na ndoo ya nguo, kichwa kimejaa sentensi za riwaya yangu, nisiuone. Siku niliyoushika nipanguse vumbi, mpini ulibaki mkononi na bapa likaanguka chini, limejaa udongo. Ulikuwa umekoroga mbege, pombe ya kwetu ya ndizi na ulezi, hapo uani Manzese tangu kabla sijazaliwa. Nilimwambia mama aliporudi, ameketishwa kwenye stuli mlangoni, mkono wake wa kulia umelala pajani kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa ampakate. Alitikisa kichwa tu.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Moshi, alikwisha sema mama arudi kijijini, kwenye nyumba ambayo tangu baba afariki hufunguliwa Krismasi tu. Mama hakutaka. Watu wake walikuwa hapa: makarani wastaafu, walimu, wenye maduka ya vipuri, waliokuja uani kwetu kila Jumamosi kunywa na kuzungumza kwa lugha ya nyumbani. Tukapatana na kaka kwamba tujaribu mara moja. Mimi nitakoroga, mama ataelekeza. Watu wakirudi, abaki. Pombe ikikataa, kaka aje kumchukua.

Kwa hiyo nikaenda kutafuta mwiko.

Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna karakana ya mzee mmoja wa Kizaramo. Nilifika adhuhuri, anakunja mkeka wake wa kuswalia, na paji la uso lilikuwa na lile doa la watu wanaosujudu sana. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza nataka nini. Nikasema mwiko mkubwa.

"Wa kupikia nini?"

Shuleni niliitwa mtoto wa pombe. Waliniita hivyo mstarini, waliniita hivyo kwenye foleni ya maji, na mwalimu mmoja aliwahi kucheka. Nilidhani nimelimaliza jambo hilo zamani. Lakini mbele ya mzee yule, na mkeka wake mkononi, ulimi ulinitangulia.

"Wa pilau."

"Alaa. Kuna arusi?"

"Ya dada yangu." Sina dada.

Alifurahi kweli. Alinionyesha mbao moja moja. Ya msonobari aliikataa mwenyewe, akasema ile ni ya kupaulia, imetiwa dawa ya wadudu, nitawaua wageni wa watu. Mninga aliukataa pia kwa sababu hutoa rangi. Mwisho akagonga kipande cha mfenesi kwa kifundo cha kidole, akakisikiliza, akasema huu ni mwepesi na hauna harufu. Akaniuliza mpishi ana kimo gani. Nikasimama mbele yake naye akapima kutoka chini mpaka kifuani kwangu.

Niliufuata baada ya siku mbili. Ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote tulichokuwa nacho ndani. Bapa lilikuwa pana, kingo zake zimepigwa msasa hadi zikawa laini, na ncha yake ya duara kama ukucha. Mzee alinieleza kwamba ncha ya namna hiyo inapita katikati ya wali bila kukata punje. Akaushika kwa mikono miwili, akamwombea dada yangu maisha mema na mumewe, watoto na masikilizano. Nikaitikia amina.

Mama alipitisha kidole cha mkono wa kushoto kwenye ncha ile, taratibu, akarudia tena.

"Huu wa wali," alisema.

Nikamjibu kwamba miko yote ni sawa. Sikujua ninachokisema. Akaniambia niwashe moto.

Tulichemsha ndizi siku ya Jumapili, katika pipa lililokatwa nusu, tukalijaza ndizi zilizoiva mpaka zikalainika. Ndizi za mbege hukorogwa kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu, na kazi yote iko chini, kwenye kona ambapo kitako cha pipa hukutana na ubavu. Huko ndiko zinakoganda. Mwiko wa kale ulikuwa na ncha iliyonyooka kama koleo. Huu wangu ulipita juu ya kona ile kwa adabu, haukuikwangua. Niliusukuma kwa uzito wangu wote, mabega yakawaka, nao ukateleza. Mama alikuwa ananiambia chini, chini zaidi, na nilikuwa chini. Kisha harufu ikapanda. Haikuwa kali, ilikuwa kama ya sukari iliyosahauliwa jikoni. Sote wawili tuliisikia na hakuna aliyeitaja.

Baadaye, moto umezimwa, alisema, "Msesewe utaficha."

Msesewe ni gome chungu linalotiwa kwenye uji wa ulezi kabla ya kuuchanganya na maji ya ndizi. Nilimwamini kwa sababu alikuwa ameipika pombe hii miaka thelathini. Sasa nafikiri yeye ndiye aliyekuwa akiniamini mimi.

Jumamosi walikuja wengi, zaidi ya nilivyotazamia. Walivaa mashati ya kupigwa pasi. Walimshika mama mkono wa kushoto, wakamtania kwamba amejilaza hospitali makusudi ili wajifunze kunywa maji. Mwalimu mmoja mstaafu alisema mke wake amemshukuru Mungu kwa wiki zote zile, sasa ibada imekwisha. Mama alicheka kwa nusu ya mdomo. Nikagawa makopo.

Walikunywa. Nilitazama koo zao. Mwalimu alimeza, akatazama ndani ya kopo, akasema pombe ni nzuri, mama, ni nzuri. Akaweka kopo chini ya kiti. Mmoja baada ya mwingine waliyaweka chini, hakuna aliyemwaga, hakuna aliyekunja uso. Walizungumza kuhusu mvua, kuhusu barabara. Kabla ya magharibi wote walikuwa wameaga kwa heshima kubwa, na makopo yalibaki uani yamejaa kwa mistari, kama yanangoja wengine. Mama aliniomba nimletee moja. Alionja, akalirudisha.

Jumatatu nilirudi kwa fundi na mwiko begani. Nilimwambia ukweli wote, nimesimama, macho chini. Hakukasirika. Aliinuka, akafungua mlango wa nyuma, akanionyesha miko mitatu yenye ncha iliyonyooka imening'inia kwenye misumari. Alikuwa anawachongea akina mama wa pombe wa Manzese nzima.

"Mie sinywi, mwanangu," alisema. "Lakini ungenambia tu."

Akauchukua wangu, akaukata ncha kwa msumeno. Haikuchukua hata dakika mbili.

Nilikimbia nao nyumbani. Mama alikuwa na simu pajani. Alikuwa amekwisha zungumza na kaka. Nilimwonyesha ncha, nikamwambia tutapika tena wiki hii, nimejua kosa liko wapi, lilikuwa dogo sana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niliona tangu siku uliyouleta," alisema. "Ningekwambia uurudishe. Lakini wewe hujui pombe, mwanangu. Leo mwiko, kesho kingine. Watu wameshaonja."

Nilimwambia waje tena. Akasema walishakuja.

Kaka alifika Alhamisi. Ijumaa alfajiri tulimpandisha mama kwenye basi, kaka ameshika kwapa moja na mimi jingine. Alikaa dirishani, lakini upande wake wenye uhai ulikuwa wa ndani, kwa hiyo hakuweza kunipungia.

Kesho yake walikuja watu wawili tu. Niliwaambia mama amesafiri. Hawakuuliza atarudi lini.