Siku Klachi Ilinipeleka Kwa Wakwe Mbio

Hii hadithi huwa nakataa kuisimulia kwa sababu ya aibu, lakini mmenishika, basi sikizeni. Mimi ni fundi wa magari hapa Suna, na siku ya kwenda kwa kina mchumba wangu Adhiambo huko Homa Bay kufanya ayie (ile siku mnaenda kumwomba mama ya msichana akubali), niliapa nitaingia na pikapu yangu, ambayo nilikuwa nimetoa injini iliyochoka na kuweka ingine kwa mikono yangu, na kujisifu kwa simu nilikuwa nimejisifu vya kutosha.

Injini ilikuja na klachi yake, kwa hivyo waya ya pedali ilitaka kukazwa upya. Ilikuwa bado imelegea kidogo. Kidogo tu! Lakini baba mdogo alikuwa ameshaketi ndani na suti yake.

"Bwana, tunachelewa!"

Nikasema nitakaza tukirudi.

Pale Awendo, nyuma ya trela la miwa, gia zikaanza kulia krrr, baba mdogo akaniangalia, mimi nikaongeza redio (akili gani hiyo?). Kufika bomani, hema imejaa wageni, kina mama wanapiga vigelegele, nakanyaga klachi ili gari iteleze isimame kwa madaha, kumbe klachi haiachi, injini inasukuma tu, na kabla nikumbuke breki tukang'oa nguzo, turubai ikafunika wazee, gari ikazima. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Sasa badala ya kutoa gia kwanza, nikawasha tena, na pikapu ikaruka kama chura ikapiga meza, sufuria ya samaki ikamwagika kwa nyasi.

"Yawa!" Adhiambo akalia. Mama yake aliangalia samaki chini, akaniangalia mimi, na hapo nikajua mke nimekosa.

Nikavua koti, nikatafuta spana, nikalala chini ya gari na shati nyeupe, nikakaza waya, nikajaribu pedali, nikakaza tena, boma lote likinitazama. Halafu nikairudisha nyuma polepole, laini, ikasimama.

Mama akakuja akaangalia ile grisi kifuani.

"Samaki yangu umemaliza," akasema. "Lakini mwingine saa hii angekuwa ameshatoroka mpaka Rongo. Kuja ukae. Kuna kuku."

Siku hizi hakuna gari inatoka kwangu bila kuijaribu barabarani, hata mwenyewe akasirike namna gani. Harusi ni Desemba. Adhiambo amesema siku hiyo ataendesha yeye, na mimi sijabisha.